Uji Nisiouonja na Usingizi Nilioushuku

Asalaam aleykum kwa wanaoitikia hivyo, na amahoro kwa wengine. Wa nyuma sogeeni mbele. Mimi sipazi sauti kwa mtu mwenye miguu mizima.

Kikundi chetu kina desturi yake: kila tukikutana, mmoja anasimama anasema alianguka vipi na akainuka vipi. Zamu yangu imekuja mara nyingi, na kila mara nilisema nina mafua. Sikuwa na mafua. Sikutaka kueleza mambo yangu mbele ya watu walioyaeleza kabla yangu, tena vibaya. Leo nimesimama. Sitataja jina la mtu. Anayejijua atatazama chini, na mimi nitajua kwa nini anatazama chini.

Jambo moja kwanza. Vikombe vya uji viko mbele yenu tangu mlipoketi. Umeanza kupoa, umefanya ngozi juu, na hakuna aliyekunywa. Nimeona. Tutarudi kwenye huo uji.

Mwanangu alioa binti wa huko juu, Bugarama, watu wa kulima. Akaja kukaa kwangu hapa Rumonge, uwanja mmoja na mimi. Hatukupendana sana, na sitasema uongo ili niwafurahishe. Mimi nataka mawese yachemke taratibu. Yeye anachochea moto kama anaunguza nyumba ya adui. Mimi naamka kabla ya adhana. Yeye, kusema haki, aliamka kabla yangu, na hilo nalo lilinikera, maana nikitoka nakuta ameshafagia, sina la kusema. Mchana halali. Hata alipokuwa na mimba, hata na malaria, sikupata kumwona amelala mchana. Nilimchunguza sana, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa.

Wiki ile tuligombana kwa ajili ya pipa la mafuta lililoungua. Tuligombana kwa sauti. Jirani wa kushoto alisikia, wa kulia alisikia, na mama anayepitisha samaki wa ndagala alitua beseni lake chini apate kusikia vizuri.

Siku hizo hizo alikuwa analalamika shingo. Alikwenda Kizuka kuchukua ngazi, zile kokwa za mchikichi tunazokamua mawese, akajitwika beseni lililojaa kupita kiasi, njiani akateleza, akageuza shingo kwa nguvu ili mzigo usimwagike. Ngazi zilipona. Shingo ikaanza kumuuma, upande mmoja, maumivu yanapanda hadi kisogoni. Nikamkanda kwa mafuta ya moto, nikamwambia wanawake wa zamani walibeba zaidi ya hapo. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea, mimi na yeye.

Basi ikafika Alhamisi. Mnajua kwamba mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi. Nikapika uji wa wajukuu, nikabakiza kikombe cha mama yao. Na desturi yetu mnaijua, ya watu wa ziwa na ya watu wa milimani: ukimpa mtu kitu cha kunywa, unakunywa wewe kwanza mbele ya macho yake, akuone umemeza, ndipo unampa. Sababu hatuisemi, lakini hata mutoto mdogo anaijua. Ni sumu. Hapa kwetu mtu akiugua ghafla, kabla hatujauliza anaumwa wapi, tunauliza alikunywa kwa nani. Mimi nilikuwa nimefunga. Nikampa kikombe bila kuonja.

Alikunywa nusu. Akainuka akitue, akaniambia, "Mama, nyumba inazunguka." Akataka kushika mlango, mkono ukapita pembeni ya mlango, ukashika hewa. Akatembea kidogo, miguu ameitanua kama mtu aliyeshuka kwenye mtumbwi siku ya mawimbi, mwili wote unavutwa kuumeni, akaanguka. Halafu akaanza kutapika.

Ndugu zangu, nawaambia, nimezaa, nimelea, nimeuguza. Kutapika kwa tumbo nakujua. Tumbo likishatoa kilichomo, linatulia. Huku hakukutulia. Akilala kimya, afadhali. Akigeuza kichwa kidogo tu, anatapika tena. Alishika kisogo kwa mikono miwili, na maneno yake yalitoka mazito, kama mtu anayesema na ugali mdomoni.

Uwanja ukajaa. Swali la kwanza lilikuwa amekunywa nini. La pili, nani alimpa. La tatu aliliuliza mama mmoja ambaye yuko hapa, na sitamwangalia.

"Na wewe ulionja?"

Nikasema nimefunga. Wakatazamana. Mnajua kutazamana kule.

Nikasema apelekwe hospitali. Mmoja akasema mbona nina haraka ya kumtoa hapa. Ningesema tungoje, wangesema nangoja afe. Kuanzia dakika ile hakuna nililosema likabaki vile nilivyolisema. Wakamwita mama wa dawa, yule anayetapisha watu waliolishwa sumu. Akakoroga majani yake na mawese mabichi, wakamshika mgonjwa kichwa, wakamnywesha. Mtu anatapika tayari, na nyinyi mnamtapisha. Tena koo lilikuwa halimezi sawasawa. Dawa ikaenda njia ya pumzi, akapaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nilimpokonya yule mama bakuli lake, nikamwaga chini. Hapo nikawa nimejimaliza mwenyewe machoni mwao. Nani anamwaga dawa ya sumu, kama si mwenye sumu?

Mwanangu alikuwa njiani na lori kutoka Nyanza-Lac. Kabla hajaingia uwanjani alikuwa ameshaelezwa kila kitu barabarani. Akaja akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Mama, ulionja?"

"Sikuonja. Nimefunga."

"Siku zote unaonja."

"Si siku zote ninafunga."

Akambeba mke wake, akamlaza kwenye gari la jirani, na niliposhika mlango nipande, aliufunga. Aliufunga taratibu. Angeubamiza ningekasirika, hasira ingenisaidia. Nikachukua pikipiki, nikawafuata na vumbi lao.

Hospitalini hapa Rumonge daktari alianza na tumbo, kwa kuwa ndilo aliloambiwa. Lakini hakuchelewa kuliacha. Alimwambia afuate kidole kwa macho, na macho yakawa yanaruka-ruka, hayatulii. Akamwambia aguse pua yake mwenyewe. Mkono wa kushoto ukafika. Wa kulia ukatetemeka, ukagonga shavu. Akauliza kama shingo ilimuuma siku hizi. Nikajibu kutoka mlangoni kwamba ilimuuma, na kwa nini ilimuuma. Akasema hii si ya tumbo, iko kichwani, sehemu ya nyuma, apelekwe Bujumbura apigwe picha ya skana bila kuchelewa.

Mama mzazi wa mgonjwa, bamwana wangu, alitukuta huko Bujumbura siku ya Ijumaa. Alishuka kutoka Bugarama akiwa ameshaambiwa kwa simu. Nilimpa mkono, akauangalia, akaweka wake ndani ya kitenge. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo, na pengine ningetema mate.

Daktari wa pale alituita mimi, mwanangu na bamwana. Akasema ni kiharusi, wenyewe wanaita AVC, lakini si kile tunachokijua cha mdomo kupinda na upande mmoja kufa. Hiki kimepiga ubongo mdogo wa nyuma, ule unaoshika mizani ya mwili. Pengine mshipa wa shingo ulichanika kwa ndani siku ile ya beseni, damu ikaganda, bonge likapanda juu likaziba njia. Mwanangu na mkwewe walisikiliza wakingoja neno moja tu, sumu. Lisipotajwa, waliona kama daktari hajamaliza kusema.

Mimi pia nilimshuku. Namshuku kila mtu anayeniongelesha huku anaangalia saa. Nikamwambia mimi sikusoma, aniambie kama anavyomwambia mama yake. Akaacha kuangalia saa. Akakaa.

"Mama, ukijaza maharagwe makavu ndani ya chupa, ukatia maji, ukafunga kizibo, yatafanya nini?"

"Yatavimba."

"Yatavimbia wapi?"

Nilielewa.

Akasema ile sehemu iliyokosa damu itavimba siku hizi za mwanzo, na pale nyuma hakuna nafasi. Karibu yake iko njia ya maji ya kichwa, na iko sehemu inayomfanya mtu apumue na awe macho. Uvimbe ukibana hapo, mtu anakwenda. Akasema anaweza kupata nafuu kabisa, akaongea, akacheka, halafu akaanza kulala. "Usingizi huo usiuamini," akasema. Akasema pia tuangalie kichwa kikizidi kuuma, kutapika kukirudi, akiona kitu kimoja kama viwili, akichanganya maneno, na tusingoje mambo hayo yatimie yote. Sisi hatujui mgonjwa anakuwaje akiwa nyumbani, akasema. Nyinyi mnaomjua ndio mtaona mapema.

Nyinyi mnaomjua. Nikayashika maneno hayo.

Lakini kumwona ilikuwa kazi. Mnajua hospitali zetu: mgonjwa lazima awe na murwaza, mtu wa nyumbani wa kumwosha na kumlisha na kulala chini ya kitanda chake. Warwaza walikuwa bamwana na binti yake mwingine. Mimi nilikatazwa kuvuka mlango. Chakula nilicholeta kilimwagiwa paka, na wakakaa kumwangalia yule paka. Paka akashiba akaenda zake, na hawakubadili mawazo. Nikatandika mkeka kwenye varanda, chini ya dirisha la chumba kile. Nikisimama naona kitanda chake chote. Waliposema nang'ang'ania kumaliza kazi niliyoianza, nilisikia. Dirisha halikuwa na kioo.

Jumamosi akapata nafuu. Kutapika kukaacha. Jumapili akaongea, akacheka na mdogo wake, akauliza nani anaangalia moto wangu wa mawese. Bamwana akasema dawa ya majani imefanya kazi, sumu imetoka. Mwanangu akapita mbele yangu akielekea kwenye bomba, nusura anisalimie.

Jumatatu asubuhi nikasimama dirishani, nikamkuta amelala. Wenzake chumba kizima wameamka, wanaoshwa, masufuria yanalia, yeye amelala. Nikasema pengine usiku haukuwa mzuri. Jua likapanda. Wakamgeuza wamfute mgongo, akafumbua macho kidogo, akafumba. Wakamletea chai, akashika kikombe, akasinzia nacho mkononi.

Mama yake alifurahi. Alimwambia jirani wa kitanda cha pili kwamba mtoto wake sasa anapumzika, kwamba alikuwa anafanyishwa kazi kama punda huko kwa mkwe. Alilisema kwa sauti, lifike dirishani. Likafika. Lakini mimi nilikuwa naangalia kitu kingine. Mwanamke yule halali mchana. Ninamjua. Mama yake alimjua akiwa msichana; mimi namjua kwa miaka yote niliyotafuta uvivu wake nikaukosa.

Nikaendelea kuangalia. Alipiga miayo, miayo mirefu ya mtu ambaye ameshalala vya kutosha. Akashikwa na kwikwi isiyokwisha. Mkono ukawa unakwenda kisogoni wenyewe, huku amefumba macho. Halafu akatapika mara moja, bila kukohoa, bila kujiandaa, kama maji yaliyomwagwa. Mama yake akamfuta, akamwita kwa jina. Alichelewa kuitika. Akamtazama, akasema, "Mama, mko wawili."

Bamwana akageuka, akaniona mimi dirishani, akadhani anamaanisha mimi. Akachukua kitenge akakitundika pale, nisione ndani.

Nikaenda kwa muganga wa zamu, dada muuguzi mmoja aliyekuwa na wagonjwa wengi kuliko mikono. Akasema amempima presha alfajiri, amekuta sawa, tumwache alale, daktari atapita. Simlaumu. Kwake yeye alikuwa mgonjwa aliyelala, na mgonjwa aliyelala ni jambo jema. Nikarudi mlangoni nikamwomba bamwana amwamshe tu, amuulize majina ya watoto wake. Akasema nimetaka kumwua kwa kikombe, sasa nataka kumwua kwa kumnyima usingizi.

Ndugu zangu, mimi nilishuku kila kitu katika maisha yangu. Nilishuku mizani ya wanunuzi, nilishuku wageni, nilishuku mkamwana anayeamka mapema. Lakini sikuwahi kuwa upande ule mwingine, mtu akuangalie mdomo unavyosema asisikie neno hata moja. Nilijua mtoto yule anakwenda. Nilijua pia kwamba kila nikizidi kusema, wao watazidi kumwacha alale. Mdomo wangu ndio uliokuwa unamwua.

Nyuma yangu kulikuwa na chupa ya uji. Binti yangu aliniletea nifuturu jioni. Unga ule ule wa Alhamisi, kutoka mfuko ule ule. Nikaichukua. Nikaingia chumbani na viatu vyangu, nikapita mlango niliokatazwa, nikasimama mbele ya bamwana. Nikamwambia huu ndio uji wa nyumbani kwangu, wa unga aliokunywa mtoto wako. Nikamimina kwenye kifuniko. Ilikuwa Jumatatu, adhuhuri haijafika, na kila Mwislamu mle ndani aliyenijua alijua nimefunga. Nikanywa. Nikamimina tena, nikanywa mpaka chupa ikaisha, na matone ya mwisho nikayalamba, aone.

"Sasa nimeonja," nikamwambia. "Kama nina sumu, nitaanguka hapa hapa, mtanizika. Lakini wakati unaningoja nianguke, mwamshe mtoto wako."

Halafu akainama akamwita. Akamwita tena. Akamtikisa bega. Akambana kidole cha mkono, na mkono ukasogea polepole, lakini macho hayakufunguka. Bamwana hakupiga kelele. Aliniangalia kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango siku nyingi, na mlango ulikuwa wa kuvuta.

"Bamwana," akasema, "huu si usingizi."

Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye meza ya muganga. Safari hii sikuomba. Nilisema, haamki, na daktari wake alituambia akilala hivi tuseme. Yule dada alikuja, akamfungua macho akamulika na tochi, akamgusa, akakimbia. Nawaambia, alikimbia, na nilimpenda kwa kukimbia kule.

Daktari akaja. Skana ya pili. Akatuambia uvimbe umebana, maji ya kichwa hayashuki, lazima wayatoe na wafungue mfupa wa nyuma ili ubongo upate pa kuvimbia. Sasa. Akasema bado yuko upande wetu, lakini tukikaa kushauriana hatabaki.

Kufungua kichwa cha mtu. Mwanangu alishika kalamu, mkono haukuandika. Bamwana akanisogelea, mtu ambaye hakunipa mkono tangu Ijumaa.

"Angekuwa wako ungekubali?"

"Ni wangu," nikamwambia. "Nakubali."

Mwanangu akaandika. Nikamwambia daktari nitakuwa mlangoni mpaka amtoe. Akasema, "Najua, mama. Uko mlangoni tangu ulipofika."

Tulikaa kwenye mkeka wangu, bamwana na mimi. Alinyoosha kitenge chake akatandika nusu upande wangu, maana varanda ilikuwa ya baridi. Mimi nilikuwa nahesabu dalili zangu mwenyewe tumboni. Mnacheka? Ndiyo, nilianza kujishuku. Watu wakikuangalia siku nyingi kama mchawi, unaangalia mikono yako.

Alitoka hai. Alilala usingizi wa dawa, halafu akaamka mwenyewe, akaitika kwa jina. Alipoweza kusema, alimuuliza mumewe kama lile pipa lililoungua nimelisugua au linamngoja yeye. Nilijua akili yake iko mahali pake.

Kurudi kwake kulikuwa kwa polepole. Alijifunza kutembea upya, amenishika begani, miguu imetanuka, mimi natukana na yeye anatukana. Kijiko kilimwaga njiani. Neno refu lilimshinda. Leo anatembea mwenyewe, anashika ukuta pale penye giza, na mkono wa kulia unatetemeka akinyanyua kitu chepesi. Kichwani habebi tena mzigo wowote, na yeyote atakayemtwika atakutana na mimi.

Mnadhani watu walinyamaza? Tuliporudi walianza upya. Walisema: alijuaje kwamba ule usingizi ni mbaya, wakati waganga wenyewe waliuacha? Aliyeweka ndiye anayejua kutegua. Maneno hayo nimeyasikia sokoni, nimeyasikia kwenye msiba, nimeyasikia nyuma ya ukuta huu huu. Ndiyo sababu nimeacha mafua yangu nyumbani leo. Nimekuja kuwaambia nilijuaje, wote kwa mara moja, ili kuanzia leo kila mmoja wenu ajue kama mimi, na isiwe tena siri ya mtu mmoja.

Mtu akizungukwa na dunia ghafla, akatapika, akatembea kama mlevi na hakulewa, mkono ukakosa kitu alichokilenga, kisogo kikamuuma, msitafute kikombe. Msimnyweshe kitu. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Na akishafika, hata akipata nafuu, hata akicheka, mkalie macho siku zile za mwanzo. Mwamshe. Muulize majina ya watoto wake. Akichelewa kuitika kuliko jana, akisinzia na kikombe mkononi, kutapika kukirudi, akiona watu wawili mahali palipo na mmoja, nenda kwa muganga, na asipokusikia, rudi, na asipokusikia tena, kaa mezani kwake. Mnaambiwa mgonjwa asisumbuliwe. Huyu msumbueni.

Na kama mnapenda kushuku, na najua mnapenda, kwa sababu hata mimi napenda, shukuni usingizi. Mwacheni mama anayepika uji.

Nashukuru daktari aliyeacha kuangalia saa yake. Nashukuru muganga aliyekimbia. Nashukuru yule daktari wa hapa kwetu aliyeacha tumbo akaangalia macho. Namshukuru bamwana, aliyeinama akamwita mtoto wake wakati bado ananichukia. Hilo ni gumu kuliko kufunga. Mwanangu aliniomba msamaha uwanjani, mbele ya majirani. Nimempa. Mlango wa lile gari bado naukumbuka, lakini nimempa. Mungu ndiye aliyemrudisha mgonjwa, sisi wengine tulisimama mlangoni. Murakoze cyane, asanteni sana.

Sasa uji. Umepikwa kwangu, asubuhi hii, kwa mkono wangu. Leo ni Alhamisi. Nimefunga. Sitaonja.

Mkamwana wangu yuko pale karibu na nguzo. Ameshachukua kikombe chake kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja unatetemeka, na amekunywa wakati mimi bado nasema, bila hata kuniangalia. Sasa anatafuta cha kuongeza.

Nyinyi wengine, vikombe viko mbele yenu. Mimi naketi.